Pilau ya alfajiri, ndege ya usiku: Mlishe mtoto hivi mkielekea uwanja wa ndege

Ilula. Mama aliamka saa tisa usiku kupika pilau. Ilipofika saa kumi alfajiri ilikuwa imeiva na kufungwa kwenye hotipoti kubwa, ile ambayo hutoka kabatini siku za sherehe tu.

“Mjukuu wangu hatalala njaa huko mjini,” alisema, akanikabidhi mimi hotipoti badala ya dada yangu. Mimi ndiye msindikizaji, mimi ndiye niliyesoma, na mimi ndiye ninayeandika habari za afya gazetini.

Dada na mwanawe wa miaka minne walikuwa wanakwenda Muscat kwa shemeji, ambaye alimwacha mtoto akiwa bado anatambaa. Hakuna aliyekuwa amewahi kupanda ndege kati yao. Saa moja asubuhi tulipanda basi barabarani, pale wanapouza nyanya na vitunguu, tukashuka Kitonga, tukapita Ruaha Mbuyuni, tukaingia Mikumi. Huko mtoto aliona tembo. Huko pia tulifungua hotipoti, akala vijiko vichache, tukaifunga tena.

Mpaka tunafika stendi ya Magufuli, Mbezi, alasiri ilikuwa inakwisha. Saa kumi na mbili jioni, tukiwa tumekaa nje ya jengo la uwanja wa ndege, mtoto alisema ana njaa. Mimi na dada tulikuwa tumeshakula chipsi Mbezi. Pilau tulimwachia yeye. Alikula, akashiba, akalala mapajani.

Saa tatu usiku alianza kutapika.

Mfanyakazi mmoja wa uwanja alitusaidia kupata mhudumu wa afya. Mhudumu huyo hakuuliza maswali mengi. Aliuliza moja tu: “Mtoto amekula nini, na kilipikwa lini?”

Nilihesabu kwa vidole huku nikiona aibu. Saa kumi na nne.

Kaunta ya kukabidhi mizigo ilipofunguliwa, mtoto alikuwa amelegea begani. Dada alitazama tiketi, akamtazama mtoto, akasema, “Hatupandi.” Fedha ya kubadilisha tiketi ilitoka kwenye mauzo ya nyanya za mama. Shemeji, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini ili awapokee, alisubiri siku nne zaidi.

Mzazi unayesoma ukurasa huu, pengine safari yako si ya Muscat. Huenda unampeleka mtoto kwenye matibabu, unakwenda kumwona ndugu, au unampokea baba yake. Tuliyokosea sisi ni mambo ambayo familia yoyote inayotoka mbali kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere inaweza kukosea. Nayaandika ili wewe usiyalipie.

Kwanza, soma saa ya tiketi kwa Kiswahili

Tiketi ya ndege huandikwa kwa saa 24, na haifuati saa zetu. Ukiona 04:30 usiseme saa nne na nusu. Ongeza au punguza sita: 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri, 13:00 ni saa saba mchana, na 22:15 ni saa nne na robo usiku.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye tarehe. Ndege ya saa 00:40 ya tarehe 15 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake ni kwamba jioni ya tarehe 14 uwe umeshafika. Wapo wanaofika tarehe 15 jioni na kukuta ndege iliondoka jana yake usiku.

Mashirika mengi hutaka abiria wa safari za nje afike saa tatu kabla, na hufunga kaunta takriban saa moja kabla ya ndege kuruka. Lakini kufika mapema mno nako kuna gharama yake, hasa kwa mtoto. Sisi tulifika saa kumi na nusu kabla ya ndege. Hayo ni masaa ya kukaa, kuona njaa, kuchoka na kula chochote kilichopo karibu.

Kama una ndugu Dar es Salaam, mtoto apumzike kwake, aoge, ale chakula cha moto, kisha mwende. Kama huna, chumba cha wageni cha bei nafuu kwa masaa machache kinaweza kuwa nafuu kuliko tiketi ya pili.

Jua jengo lako kabla ya kupanda teksi

Dereva alituuliza, “Dada zangu, airport jengo gani?” Tukajibu, “Airport.” Akatushusha Jengo la Pili. Ndege yetu ilikuwa Jengo la Tatu.

Uwanja huu una majengo matatu ya abiria. Jengo la Kwanza ni la zamani na hutumiwa na ndege ndogo. Jengo la Pili, lililofunguliwa mwaka 1984, kwa sasa ni la safari za ndani. Jengo la Tatu, ambalo wengi hulitaja kama Terminal 3, lilizinduliwa Agosti 2019 kwa ajili ya safari za nje, na lilijengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Majengo haya hayajashikana. Kutoka Jengo la Pili kwenda la Tatu si mwendo wa kuburuta mabegi ukiwa na mtoto mgongoni. Itabidi mpande gari tena.

Angalia tiketi, na kama jengo halikuandikwa, piga simu kwa aliyekuuzia. Mwambie dereva jengo kabla hamjaanza safari.

Wasomaji wetu wa Mbeya mnaorukia Uwanja wa Songwe, hili linawahusu zaidi. Mkitua Dar es Salaam kwa ndege ya ndani na mnaunganisha safari ya nje, mtatoka jengo moja na kwenda jingine. Acheni nafasi ya kutosha kati ya ndege mbili, na ulizeni mapema kama mizigo inapelekwa moja kwa moja au mnaichukua na kuikabidhi upya.

Kwa wanaofika kwa basi, kutoka Mbezi njia ya kawaida ni Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, kisha Barabara ya Mandela hadi Tazara kwenye daraja la Mfugale, kisha Barabara ya Nyerere hadi uwanjani. Kwenye ramani ni fupi. Jioni, foleni inaweza kula masaa mawili. Daladala zinazopita Barabara ya Nyerere zipo na ni rahisi, lakini zitakushusha barabarani. Ukiwa na mtoto na mabegi mawili, teksi au gari la kuita kwa simu lina thamani yake. Patana bei kabla ya kupakia.

Chakula kina saa zake

Hapa ndipo nilipopaswa kuwa mwalimu, nikawa mwanafunzi.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa 2. Kama kinatunzwa kikiwa cha moto, kibaki juu ya nyuzijoto 60. Hotipoti nzuri hutunza joto kwa muda, lakini haiongezi joto, na kila ukiifungua linapungua. Sisi tuliifungua Mikumi mchana. Kuanzia hapo ilikuwa vuguvugu, na vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu hulipenda.

Wali na pilau vina hatari yake. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili hata kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haitoki kwa kupasha moto. Chakula kinaweza kunukia vizuri, kikawa na ladha ileile, na bado kikamtapisha mtoto ndani ya masaa machache.

Kwa hiyo, panga kikapu kwa makundi matatu.

*Cha asubuhi.* Chakula kilichopikwa, kama wali, nyama, maharage, mayai ya kuchemsha au viazi vitamu, kiliwe mapema, kabla au mara tu baada ya kuanza safari. Kikibaki, usikitunze.

*Cha kutwa nzima.* Hivi ni vyakula vikavu na matunda yenye ganda lake: maandazi, chapati kavu, mkate, biskuti, ndizi mbivu, machungwa. Matunda mumenye wenyewe kwa mikono safi. Nanasi lililokatwa na kufunikwa na nailoni dirishani kwa basi liache. Karanga ni nzuri kwa mkubwa, lakini mtoto wa chini ya miaka 5 anaweza kupaliwa, hasa basi likiruka matuta.

*Cha jioni.* Tenga fedha ya sahani moja ya moto. Kuleni mahali penye wateja wengi, ambapo chakula kinatoka jikoni kikifuka moshi. Mnaweza kula Mbezi au mtaani kabla ya kuingia uwanjani. Migahawa ipo uwanjani pia, ila bei zake si za stendi ya Ilula. Kama fedha ni kidogo, watu wazima wamalizie maandazi, mtoto apate cha moto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kikapu. Ziwa la mama linamtosha, na anyonyeshwe popote anapolia, basini au ukumbini. Kitenge kimoja kinatosha kujisitiri. Anayetumia maziwa ya kopo, beba unga uliopimwa kwenye vyombo vikavu, uchanganye wakati wa kunywesha kwa maji yaliyochemka na bado ni ya moto sana, kisha upooze. Yakishachanganywa yasipite masaa 2. Usichanganye asubuhi Ilula kwa ajili ya usiku Dar es Salaam.

Maji ni jambo jingine. Wazazi wengi huwanyima watoto maji ili wasiombe kuchimba dawa njiani. Kutoka huku kwenye hewa ya milimani kwenda kwenye joto la Dar es Salaam, mtoto anapoteza maji mengi. Mpe kidogokidogo, na kila basi linaposimama mpeleke msalani hata kama anasema hajabanwa.

Kwenye ukaguzi: kipi kinapita

Mizigo hukaguliwa mnapoingia kwenye jengo, kisha nyie na mabegi ya mkononi mnakaguliwa tena kabla ya kufika ukumbi wa kusubiria ndege. Kwenye safari za nje, vimiminika ndani ya begi la mkononi kwa kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa kila chombo. Chupa ya maji ya lita moja itabaki pale. Mnyweshe mtoto kabla, beba chupa tupu, na mkishapita nunueni maji mengine.

Maziwa ya mtoto na dawa kwa kawaida huruhusiwa kwa kiasi kinachohitajika safarini, lakini vitoe mwenyewe na useme ni vya nini, usisubiri vikutwe. Dawa ibaki kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya daktari. Mwenye mtoto anayetumia insulini asiiweke kwenye begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, kwani linaweza kuchelewa au kupotea, na insulini inaweza kuganda kwa baridi. Ikae mkononi, pamoja na kitu kitamu cha kumpa sukari ikishuka.

Zawadi za nyumbani nazo zina sheria zake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasha kwenye vikapu, vitambaa au makopo. Kabla ya kubeba nyama, mbegu, nyanya au unga kwenda nchi nyingine, mpigie mwenyeji aulize kama vinaruhusiwa kuingia huko. Ulanzi uache nyumbani. Unaendelea kuchacha ndani ya chupa, na chupa ikipasuka begini nguo zote zitanuka.

Usibebe begi la mtu usiyemfahamu, hata akikuita “mdogo wangu” na kukusalimia “kamwene”.

Ndani ya jengo na mtoto

Mkiingia, tafuteni vitu vitatu kabla ya kukaa: choo, mahali pa maji na skrini inayoonyesha ndege. Kisha kaeni karibu navyo. Mlango wa kupandia ndege unaweza kubadilika, kwa hiyo anayesubiri asilale fofofo wote wakiwa wamelala. Pokezaneni.

Chukueni toroli kwa mizigo, lakini mtoto asipande juu ya mabegi. Kwenye ngazi za umeme mshike mkono, na kama una mtoto mgongoni na begi mkononi tumia lifti. Mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi, uiweke mfukoni mwake. Mfundishe kuwa akipotea asimame palepale, na amwambie mtu mwenye sare na kitambulisho.

Ukumbi una kiyoyozi. Mtoto aliyetoka jasho kwenye foleni atatetemeka ndani. Weka sweta na kitenge juu kabisa ya begi. Usiku, mkiwa bado nje, mvalishe suruali ndefu na soksi kwa sababu ya mbu. Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo watoto wetu wengi hawajaizoea. Mtoto akipata homa siku au wiki kadhaa baada ya safari, apimwe, na mwambieni mtoa huduma alikopita.

Ndege ikiruka na ikitua, masikio huuma. Mchanga anyonye, mkubwa anywe maji kidogokidogo au atafune kitu.

Mama mjamzito aulize shirika lake kabla ya kukata tiketi. Mengi hutaka barua ya daktari mimba ikifika takriban wiki 28, na hayampokei mwenye mimba ya takriban wiki 36 na kuendelea. Na mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Kuulizwa maswali saa nane za usiku bila karatasi mkononi kunachosha.

Akianza kutapika au kuharisha

Beba pakiti mbili au tatu za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile inayoitwa ORS, zikiwa kavu. Zinapita ukaguzi bila shida, hazina uzito, na zinapatikana duka la dawa lolote. Changanya kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukipunguza maji unaweza kumdhuru.

Mpe kwa kijiko, polepole, kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi. Kosa letu jingine usiku ule lilikuwa hili: dada alimpa kikombe kizima kwa haraka, kikarudi chote. Mhudumu ndiye aliyetufundisha kijiko. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha ya watu wazima, na usimkatize kunyonya.

Mtafute mhudumu wa afya mara moja ukiona mojawapo ya haya: hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, macho yameingia ndani, hakojoi, ana degedege, au kinyesi kina damu. Mwambie mfanyakazi yeyote mwenye kitambulisho, kwa Kiswahili, bila kuona haya. Na usimpandishe ndege mtoto aliye na dalili hizo kwa kuogopa hasara ya tiketi. Mkishakuwa angani, hospitali iko mbali.

Uamuzi wa dada usiku ule ulikuwa mgumu, lakini ndio ulikuwa sahihi. Mtoto alipata nafuu kesho yake jioni. Siku ya nne tulitoka kwa baba mdogo Kimara, mtoto akiwa amekula ugali na samaki wa moto saa moja usiku. Tulifika Jengo la Tatu moja kwa moja, saa tatu kabla ya ndege. Kwenye begi kulikuwa na maandazi, ndizi, chupa tupu na pakiti tatu za chumvichumvi. Hakuna kilichotokea.

Mama alipiga simu usiku ule wa kwanza kuuliza, “Alikula pilau yangu?” Dada alimjibu, “Alikula yote, mama.” Hakusema zaidi, nami sikusema.

Nilimwambia mwezi mmodja baadaye, nilipokwenda Ilula. Nilimweleza kwamba jikoni kwake hakukuwa na kosa. Pilau ilipotoka motoni saa kumi alfajiri ilikuwa salama. Aliyekosea ni mimi, niliyeipakata kilomita zaidi ya 400 huku nikijua kanuni ya masaa 2, nikaona haya kumwambia mama yangu kwamba chakula cha mapenzi yake hakitafika.

Alinyamaza kidogo, akiendelea kuchagua nyanya, mbivu huku, mbichi kule.

“Sasa si ungeniambia tu,” alisema. “Ningemkaangia maandazi.”